Umekesha Tumbe, Mbele Yako Kigomasha

Tumbe huamka kabla ya jua. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri, na vyombo vilivyokesha baharini huingia mashine zikinguruma mpaka ufukweni. Punde huadhiniwa, baiskeli na vespa za wachuuzi huanza kuteremka pwani, na jua likishatoka mnadi yuko juu ya mafungu ya changu, tasi na pweza, anataja bei na kuipandisha. Kwa mwenyeji hayo ndiyo maisha, na kijiji chenye soko la samaki miongoni mwa makubwa ya Pemba hakiwezi kunyamaza kwa ajili ya mgeni. Lakini mgeni aliyelala chumba kimoja na wenzake watano, umeme ukakatika na feni ikasimama, mbu wakapata upenyo kwenye chandarua, huifikia alfajiri hiyo hajafumba jicho.

Mgeni huyo si lazima awe mtalii. Yumo mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, mhudumu wa chanjo anayepita nyumba kwa nyumba katika shehia za Micheweni, mchuma karafuu anayehamia kambi nyingine, mvuvi aliyekwenda dago akalala kwenye banda lililojaa watu. Wapo pia vijana wa Unguja, Tanga na Mombasa wanaokuja kukitembelea kisiwa kwa miguu. Wote huulizana neno lile lile asubuhi: twende au tusiende?

Kwa mfano nitachukua njia moja ambayo wengi huitamani: kutoka Tumbe kwenda Konde, kupenya msitu wa Ngezi, kutokea pwani ya Vumawimbi na kumalizia kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa. Ni mwendo unaokaribia kilomita 20. Kwa mtu aliyelala vizuri ni siku njema kabisa. Kwa aliyekesha ni siku inayotaka mpango.

Kichwa huchoka kabla ya miguu

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ambayo kila msafiri angefaa kuyajua. Waliwapima watu waliokaa macho muda mrefu, kisha wakawapima watu hao hao wakiwa wamekunywa pombe. Mtu aliyetimiza saa 17 bila kulala alifanya vibaya katika jaribio la jicho na mkono kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Alipofika saa 24, alikuwa sawa na mwenye asilimia 0.10. Fanya hesabu yako: kama jana uliamka saa 12 asubuhi, ilipofika saa tano usiku ulikuwa umeshatimiza saa 17. Kama hukulala kabisa, wakati unafunga kamba za viatu saa 12 leo, umetimiza 24. Hujagusa kileo maishani mwako, lakini kichwa chako kimo katika hali hiyo.

Mwili nao una nguvu kuliko unavyoudhania. Majaribio yaliyofanyiwa wanamichezo waliokesha usiku mmoja yameonyesha kwamba moyo, mapafu na misuli havipungukiwi sana. Kinachobadilika ni namna kazi inavyohisiwa. Kilima ni kile kile na mwendo ni ule ule, ila unaviona vizito zaidi na unakata tamaa mapema. Pamoja na hilo umakini hupungua, mguu haukanyagi pale ulipokusudia, subira kwa wenzako huisha, na uwezo wa kubadilisha mpango mambo yanapoharibika hupotea. Aliyekesha haanguki kwa kuwa nguvu zimemwishia. Huanguka kwa sababu amekanyaga mzizi wenye utelezi bila kuutazama, au saa saba mchana amesema "bado kidogo tu" na chupa yake ni tupu.

Kwa hiyo ninachokutaka ukishike ni hiki: maamuzi yote mazito yafanye kabla hujatoka, ukiwa unakunywa chai, na uyaandike. Utageukia wapi, saa ngapi, maji utayajaza wapi, nani atakufuata na chombo gani. Ikifika mchana usijadiliane upya na nafsi yako, maana nafsi hiyo imekesha. Fuata ulichoandika.

Usiku ukiwa bado mrefu

Usingizi ukigoma, usigombane nao. Simu iweke mbali na usihesabu saa zilizobaki, kwa kuwa hesabu hiyo ndiyo inayokufukuzia usingizi. Kulala chali umetulia na macho umefumba kunapumzisha mgongo na miguu hata kama hupitiwi, na wengi wanaoapa kwamba hawakulala hata kidogo huwa wamesinzia vipande vipande bila kujua.

Joto la Pemba wakati wa kaskazi halina huruma. Oga maji baridi kabla ya kupanda kitandani, lowesha kanga au kikoi, kamua vizuri, jifunike. Masikioni tia pamba. Chandarua kichomeke chini ya godoro pande zote nne, na penye tundu pafunge fundo kwa uzi au mpira wa nywele. Malaria imepungua sana Zanzibar kuliko ilivyokuwa miaka ya nyuma, lakini haijaondoka, na anayeamka na mabuje mwili mzima hakupumzika hata kama alilala. Ukipata nafasi ya kuchagua chumba, chagua cha nyuma, mbali na barabara, hata kama ni kidogo.

Kuna mazoea mabaya ambayo lazima niyaseme wazi. Watu wengi hununua vidonge vya piritoni dukani wapate usingizi. Hiyo ni dawa ya mzio. Usingizi inaleta kweli, lakini uzito wake huendelea hadi asubuhi, hukausha mdomo na hupunguza jasho, na jasho ndilo linalokupoza utakapokuwa juani. Mtu mwenye mwendo mrefu kesho asiimeze kwa ajili ya kulala.

Nani aende, nani abaki

Kama umepata saa nne za usingizi au zaidi, hata kwa vipande, na huumwi, nenda. Kama hukulala kabisa, njia nzima ya Kigomasha iache. Tembea mpaka Konde au mpaka lango la Ngezi, kisha upande gari. Najua neno hilo linawauma waliopanga safari kwa miezi, lakini Kigomasha haihami.

Wapo ambao kwao usiku mmoja wa kukesha ni jambo la tiba. Mwenye kifafa ajue kwamba kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha degedege zaidi, basi abaki, au aende kwa gari na mtu anayejua la kufanya. Mwenye selimundu anaweza kupatwa na maumivu makali kwa mchanganyiko wa uchovu na upungufu wa maji. Mwenye kisukari anayetumia insulini atapima sukari kabla ya kutoka na kila anapopumzika, kwa kuwa usiku wa macho huivuruga sukari na mwendo mrefu huishusha. Mjamzito na mwenye presha isiyotulia, ushauri wangu ni kupumzika.

Na kama umeamka na homa, usiifanye uchovu. Malaria huchukua angalau wiki moja tangu kuumwa na mbu hadi dalili kutokea, kwa hiyo homa ya asubuhi hii haikutoka kwa mbu wa jana usiku. Umekuja nayo kutoka ulikokuwa. Nenda kituo cha afya ukapimwe, na mweleze mhudumu umetoka wapi na lini, hasa kama umetoka Bara. Micheweni kuna hospitali, na Wete pia.

Jambo jingine ni Ramadhani. Baada ya tarawehe, mazungumzo ya barazani na daku, usingizi wa mwezi mzima huwa wa kukatikakatika, na mchana hakuna maji. Safari ya miguu ya aina hii isipangwe mwezi huo. Kama ni ya kazi na haina budi, ifanywe baada ya alfajiri na imalizike kabla ya saa tatu.

Kabla ya kuondoka

Mwili uliokesha hupenda sukari na vitu vya kukaanga. Usiunyime kabisa, lakini usiuachie kazi ya kuchagua. Muhogo wa nazi, mbaazi na chapati, viazi vitamu na kipande cha samaki: chakula cha namna hii hukaa tumboni na kukupa nguvu kidogo kidogo mpaka mchana. Andazi moja na soda vitakuinua kwa muda mfupi, kisha vitakuangusha ukiwa katikati ya njia.

Kahawa ni msaada wa kweli ikitumiwa kwa akili. Huchukua kama nusu saa kufanya kazi, na baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Kunywa kikombe kimoja au viwili asubuhi, na kimoja baada ya adhuhuri ukihitaji. Baada ya saa nane usinywe tena, la sivyo utaupoteza na usiku wa pili. Vinywaji vya kopo vya kuchangamsha vina kafeini na sukari nyingi. Visikae kwenye mkoba mahali pa maji.

Maji, hesabu nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi jua likiwa kali. Beba lita mbili na ujaze Konde. Beba pia pakiti mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Ukizikosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kipimo hicho usikizidishe wala kukipunguza. Maji ya kisima yachemshwe au yatiwe dawa. Dafu ni zuri sana njiani, lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo linywe pamoja na korosho za chumvi au kipande cha samaki.

Mwambie mtu unakokwenda. Zanzibar mgeni anayelala kijijini hupaswa kujulikana kwa sheha, na utaratibu huo ni ulinzi kwako: mtu anayejua jina lako, njia yako na saa ya kurudi ndiye atakayeuliza usipoonekana. Chaji simu popote utakapopata umeme, kwa kuwa usiku uliokatika umeme umekunyima usingizi na betri kwa pamoja. Vaa nguo nyepesi za pamba zinazofunika mabega na magoti. Zinakukinga na jua, na utapita katikati ya vijiji vya watu wenye heshima zao.

Njiani

Toka mara tu baada ya kusali alfajiri na kula, usichelewe kupita saa 12 na nusu. Wapagazi wa karne ya 19, waliobeba pembe na vitambaa kati ya Bagamoyo na Ujiji, walilijua hili kuliko sisi: walianza mwendo gizani au jua linapochomoza, na mara nyingi kufika adhuhuri walikuwa wameshatua mizigo na kupiga kambi. Walilala vibaya mara nyingi, mvuani na penye siafu, na bado walivuka nchi. Siri yao haikuwa kukaza mwendo mchana. Ilikuwa kuumaliza asubuhi.

Karibu na Tumbe kuna magofu ya Chwaka, yenye msikiti wa kale na makaburi, na ardhi ya Tumbe yenyewe inaficha mji wa karne ya 7 hadi ya 10 ambao wataalamu wa mambo ya kale wameuchimba. Napenda sana kila Mswahili ayaone. Lakini siku uliyokesha usiyaongeze kwenye safari. Kila kichochoro cha "tupite hapa mara moja" asubuhi hulipwa mchana kwa jua. Yapangie siku yake.

Kutoka Tumbe hadi Konde nenda polepole kwa makusudi, mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kuhema. Konde ni mji mdogo wenye maduka, chai na daladala, na hapo ndipo pawe kituo chako cha kwanza cha kupima mambo. Kaa chini, vua viatu na soksi, tazama kisigino na pembeni mwa kidole gumba. Penye wekundu na joto ndipo malengelenge yanapotaka kuota. Pakaushe, bandika plasta ikiwa ngozi bado nzima, geuza soksi au vaa nyingine. Usingoje uhisi maumivu, kwa sababu aliyekesha huyahisi na kuyapuuza. Raba zilizozoea mguu ni bora kuliko buti jipya, na kandambili ziwe za kupumzikia tu.

Hapo Konde jiulize mambo matatu ambayo uliyaandika asubuhi. Je, nimekunywa angalau nusu lita? Je, nimefika kabla ya saa mbili na nusu? Je, kuna mwenzetu aliyenyamaza ghafla, anayejikwaa, au anayegombana na kila mtu? Jibu la kwanza likiwa hapana, kunywa na ungoje. La pili likiwa hapana, ishieni Ngezi. La tatu likiwa ndiyo, mwenzenu huyo apande gari sasa, akiwa na mtu. Msimwulize kama anaweza kuendelea. Atasema anaweza.

Msitu wa Ngezi ni zawadi kwa aliyechoka. Mivule mikubwa na mipapindi, mti wa jamii ya mnazi wa asili ya Pemba, hufunika njia, na joto hushuka papo hapo. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye haishi kwingine popote duniani, anaonekana humu, na usiku husikika mlio wa bundi mdogo wa kisiwa hiki. Wanaotaka kuingia njia za ndani hulipa kwenye kituo cha wahifadhi na kupewa mwongozaji. Mchukue. Siku uliyolala vizuri utasema unaweza peke yako, lakini siku uliyokesha ni bora kichwa kingine kiwe ndicho kinachoshika njia. Baada ya mvua, na Pemba mvua si haba, mizizi na udongo huteleza vibaya, kwa hiyo fupisha hatua na utazame unapokanyaga. Usilale chini humo kwa sababu ya siafu na wadudu wengine. Pumzika ukikaa, halafu songa mbele.

Saa ya mwili ina mabonde mawili ya usingizi, moja kabla ya alfajiri na jingine kati ya saa nane na saa kumi mchana. Aliyekesha hulipata bonde hili la pili likiwa refu zaidi, na hata kahawa hailijazi. Wazee wetu walilipatia dawa kwa jina la kailula, usingizi mfupi wa mchana. Watafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, walipowaruhusu marubani wa safari ndefu kusinzia kwa zamu kitini, katika utafiti ulioripotiwa mwaka 1994, walikuta kwamba usingizi wa wastani wa dakika 26 ulitosha kuwarudishia umakini kwa kiasi kikubwa. Fanya hivyo Vumawimbi. Sali adhuhuri, kula, tafuta kivuli, weka kengele ya dakika 25, lala. Ukizidisha nusu saa utazama kwenye usingizi mzito na kuamka umelewa zaidi ya mwanzo. Ukiamka nawa uso, kunywa maji, na usianze mwendo mpaka zipite dakika 15.

Kivuli hicho kisiwe cha mnazi wenye nazi. Na kisiwe karibu na maji, kwa sababu ambayo wavuvi wa Tumbe wanaijua vizuri. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni, na tofauti ya kimo huzidi mita tatu. Maana yake ni kwamba unapolala kailula saa nane, maji yanakujia. Ufuo uliokuwa mpana kama uwanja ulipofika unaweza kukatika kwenye mawe kabla hujarudi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na kila siku nyakati hizi husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo uliza kabla ya kutoka Tumbe. Mkute mzee anayeshona nyavu, mpe heshima yake.

"Shikamoo, mzee. Leo maji yakoje?"

"Marahaba, mwanangu. Bamvua hili. Ikikaribia saa kumi hupiti pale kwenye mawe."

Hilo liandike kwenye karatasi yako pamoja na mengine. Lala juu ya mstari wa mwani uliokauka, ambao ndio mpaka wa maji ya juu. Na kuogelea, acha. Bahari ni tamu na mwili una joto, lakini mtu aliyechoka na kukesha hakadirii vizuri umbali wake na ufukwe. Jimwagie maji ukiwa umesimama, yasizidi magoti.

Joto likimshinda mtu

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kubana na jasho jingi ni onyo. Mweke kivulini, mvue viatu, mlegezee nguo, mpe maji ya chumvi na sukari kwa mafunda madogo, na safari yake ya miguu imekwisha kwa siku hiyo hata akijisikia nafuu. Akianza kusema ovyo, kuyumba au kutokujua alipo, na mwili wake una moto, hiyo ni dharura ya kuua. Usingoje gari ndipo uanze. Mmwagie maji mwili mzima, mfunike kanga iliyolowa, mpepee kwa nguvu bila kukoma, na mtu mwingine apige simu 112. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni.

Jihadhari na jambo hili la kuchanganya: dalili za joto na dalili za kukesha zinafanana. Uzito wa kichwa, hasira, kujikwaa, maneno mafupi. Watu husema "huyu kakosa usingizi tu", wakamwacha akae nyuma ya msafara. Penye shaka mtendee kama mgonjwa wa joto, maana ukikosea hapo hakuna kilichoharibika. Kinyume chake pia kipo: anayekunywa maji matupu lita kwa lita bila chumvi wala chakula anaweza kuishusha mno chumvi ya damu, akavimba vidole na kutapika. Kunywa kwa kiu na kwa ratiba, lakini kula pia.

Magoti yakiuma jioni, usikimbilie diklofenaki ukiwa umekauka maji. Dawa za jamii hiyo huweza kuumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji baada ya kazi ngumu. Kunywa kwanza, kula, subiri ukojoe mkojo mweupe, na kama bado unahitaji dawa, panadoli inatosha.

Kurudi

Usirudi kwa miguu. Ukifika mnara wa Kigomasha, au popote karatasi yako ilipokuambia uishie, safari ya kutembea imefika mwisho. Kubaliana na mwenye gari wa Konde tangu asubuhi, mpatane bei na saa, kwa kuwa jioni ncha ile ya kisiwa haina msururu wa magari na simu inaweza kukosa mtandao. Saa 10 na nusu ni muda mzuri, kwani kiza cha huku huingia upesi baada ya magharibi.

Na hapa ndipo ninapoona watu wakijitia hatarini kuliko msituni na kuliko baharini. Mtu ametembea mchana kutwa kwa uangalifu mkubwa, kisha anapanda pikipiki yake aliyoiacha Konde na kujiendesha hadi Wete au Chake. Aliyekesha akitembea na akasinzia sekunde tatu, hupepesuka na kuamka. Akisinzia sekunde tatu kwenye pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa, amekwenda mita 50 bila mtu anayeendesha, na barabara hizo zina watoto wanaotoka madrasa jioni.

Ukishafika, oga, kula chakula cha kawaida, lala mapema lakini si kabla ya isha, ili usingizi ushike usiku wake. Kwa mtu mwenye afya, usiku mmoja au miwili ya kulala vizuri hurudisha karibu kila kilichopotea. Lakini kabla ya kuufikia usiku huo, kama wewe ndiye uliyekesha, nakuomba usishike usukani wala mpini. Panda nyuma ya mwenzako aliyelala, au kaa Konde ungoje daladala.